Mwanya wa Unene wa Ukucha

Nilipokuwa mwangalizi wa pampu ya matope katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Bungoma, mgeni wangu alikuwa mmoja tu: fundi kutoka Kitale. Alikuja kila impela ilipokwisha. Impela ni lile gurudumu la chuma lenye mapanga, linalozunguka ndani ya pampu na kuyasukuma matope. Kwetu ilimaliza siku ishirini na sita. Nilizihesabu mara mbili, si kwa bidii ya kazi, ila kwa kumngoja.

Banda la pampu lilikuwa nyuma ya miwa, kando ya mabwawa ya maji machafu. Harufu yake ilifukuza hata wahubiri wa nyumba kwa nyumba. Fundi alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Tuwan, kule Kitale, kabla sijahamia huku, na alipokuwa akifungua boliti alinieleza nani amejenga, nani amehama, mahindi yamefika wapi. Tulibishania bei ya kila kitu, hata vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akiviuza. Kisha akaenda.

Impela kuukuu nilizirundika ukutani. Siku moja, kwa kukosa wa kuongea naye, nilizipanga mstari. Saba. Nikahesabu tena, saba. Nilitarajia vitobo kama vya mahindi yaliyoliwa na fukusi, ambavyo huja pampu ikikosa maji ya kutosha. Havikuwapo. Ncha za mapanga nazo zilikuwa nzima. Zote zilikuwa zimelika mahali pamoja: upande wa mbele, karibu na mdomo unaoingiza matope. Hapo nikajua. Kati ya impela na bamba la mbele la pampu panatakiwa mwanya wa unene wa ukucha. Mchanga ukila chuma, mwanya unapanuka, matope yanarudi kupitia hapo na kusaga tena palepale. Dawa yake ni spana: kila wiki unasogeza impela mbele mpaka iguse, kisha unairudisha kidogo.

Lakini impela ikidumu, fundi hana sababu ya kuja. Nikanyamaza. Ya nane niliiacha ife, nikijua.

Alipokuja kuitoa, alisema chuma cha siku hizi ni bure kabisa. Nikashindwa kumwacha alaumu chuma. Nikamwonyesha ule mstari na mahali zilipolika.

Alipitisha kidole hapo. "Si ungeniambia mapema, jirani."

"Nimekuambia sasa."

"Ukiisogeza mbele kila wiki itakaa hata miezi mitano. Mimi nitakuja huku kufanya nini? Kusalimia matope?"

"Kuja tu. Kila mwezi."

"Krismasi," akasema.

"Miezi miwili."

"Bana, niko na kazi Cheptais, niko na kazi Kitale. Mitatu."

Nikakubali mitatu. Sijawahi kukubali bei upesi hivyo.

Kila Jumatatu nilizima pampu, nikasogeza impela mpaka chuma kikwaruze, nikairudisha. Miezi mitatu ilipotimia alikuja kweli, bila sanduku la spana. Alizungusha mhimili kwa mkono, akasikiliza, akasema iko sawa. Halafu tukakaa. Kumbe habari zote za Tuwan zilikuwa zinatoka mikono yake ikiwa na kazi. Sasa aliiweka magotini, akawa anaiangalia. Baada ya robo saa akauliza gari la Kitale linapita saa ngapi, ingawa alijua kuliko mimi. Nikamsindikiza mpaka mwisho wa miwa. Hakuna aliyetaja miezi mingine mitatu.