Mahindi Hayavunwi Kila Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, tukisikia pikipiki ya yule kijana, sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tunaacha majembe shambani na kwenda kukaa kwenye mabenchi ya kanisa. Alikuwa afisa mikopo wa kampuni moja ndogo yenye ofisi Makanyagio, mjini Mpanda. Sisi wa huku Katumba tulikuwa tumekopa kwake hela ya mbegu na mbolea, tukadhaminiana, na rejesho likapangwa liwe la kila wiki. La kila wiki! Sisi ni watu wa mahindi na karanga. Hela ya maana tunaishika mara moja kwa mwaka, tukishavuna.

"Mwanangu," nilimwambia mwezi wa pili, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, "mahindi hayavunwi kila Jumatatu."

"Najua, mama. Hata baba yangu ni mkulima. Lakini mimi natumwa tu. Utaratibu unatoka makao makuu."

Nilianza kuuza kuku. Kuku walipoisha nikauza karanga nilizoziweka za mbegu. Yaani mkopo wa kilimo ndio ulionilia kilimo, na bado nilitakiwa kushukuru. Kikao nacho hakifungwi mpaka kila mtu awe amelipa. Jumatatu moja wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja na kichanga ambacho hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Hakuwa na kitu. Tulikaa pale mpaka jua la mchana likahamia upande wa pili wa kanisa, mtoto analia, afisa anatazama simu yake, sisi tunatazamana. Mwisho tukamchangia, na kila aliyetoa alitoa kwa kununa. Wifi aliona.

Tulimaliza deni lote. Tulikuwa tumeahidiwa kwamba tukimaliza tutapata mkopo mkubwa zaidi, na kwamba ile akiba waliyotukata mwanzoni kama dhamana tutarudishiwa. Mimi na wifi tukapanda bodaboda mpaka Makanyagio, tumevaa vitenge vya sikukuu. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, kibao kimeng'olewa, yamebaki matundu ya misumari. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi pembeni akatuangalia kwa huruma.

"Na nyie mmekuja kuwaulizia? Walihama. Hata kodi ya chumba hawakumalizia."

Nilicheka, maana kulia mbele ya watu nisingeweza. Wiki zote zile, mvua na jua, sikuchelewa hata siku moja, na walioshindwa kulipa wakawa ni wao!

Msimu uliofuata pikipiki ikaja tena. Kijana ni yule yule, fulana ndiyo nyingine, na jina la kampuni jingine. Nilimfuata hata kabla hajavua kofia ngumu.

"Akiba yetu iko wapi?"

Akainamisha macho. "Mama, hata mimi walifunga wakiwa na mishahara yangu. Wakulima wa tumbaku tuliowakopesha walikwama, marejesho yakakatika, wenye mtaji wakaondoka. Hawa wapya ni tofauti. Kwa hawa mnalipa mkishavuna."

"Mwakani mtakuwepo?"

Alifungua mdomo, akaufunga. Kwa hilo nilimheshimu, lakini mkopo sikuchukua. Wifi alichukua. Alikuja jioni kuniomba niingie kwenye kikundi chake, nikakataa, akaniambia nina roho ngumu. Tukakaa msimu mzima tunasalimiana kama watu waliokutana stendi.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri, na bei ya mahindi ikaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Wifi aliuza kwa shida, akajinyima mpaka sukari, hela ya rejesho ikatimia. Akaifunga kwenye leso, akasubiri pikipiki. Haikuja. Akapiga simu, haipatikani. Akaenda mwenyewe Mpanda, akazunguka na bodaboda kutwa nzima akiulizia, akarudi na ile leso kama alivyoondoka nayo. Hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaketi kwenye mkeka niliokuwa napukuchulia mahindi.

"Wifi, hela yao ninayo. Nimlipe nani?"

Wanapokuja tunaambiwa vijijini hatukopesheki, wakulima hawalipi. Na huyu hapa mkulima anayetembea na deni lake mkononi akimtafuta wa kumpa! Nilitamani kumpigia mtu simu nimgombeze, lakini nimpigie nani?

"Kanunue mbolea," nilimwambia, "kabla mvua hazijaanza na kabla bei haijapanda."

"Na wakirudi?"

"Wakirudi watakukuta shambani."

Akafikiri, akavuta ungo, tukaanza kupukuchua wote. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya gunia simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe: rejesho lako limechelewa, faini imeongezwa. Akaipigia ile namba iliyoutuma. Haikupokelewa. Akapiga tena, akapiga tena, mpaka nikamnyang'anya simu, nikaiweka chini ya mkeka, nikamsogezea mahindi mengine.