Tutakupigia

Mama Mdogo anapiga pasi. Ndiyo kazi yake tangu kabla sijazaliwa, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Mbele kuna wateja, kengele ya mlangoni na gumzo. Nyuma kuna yeye, mvuke na mashati ya watu asiowajua. Shati lenye doa la wino mfukoni amelinyoosha miaka na miaka. Mwenyewe akipishana naye barabarani, hamjui.

Ni mdogo wake mama yangu, hana mume wala mtoto, na katika familia tunamwita Mama Pasi. Tunamwita hivyo tukimtaja. Kumwita aje ni jambo jingine. Hakuna anayemchukia. Watu hukutana, hula, hucheka, na vyombo vikishaoshwa ndipo mmoja huuliza, "Hivi Mama Pasi aliambiwa?"

Kaka yangu alipopata mtoto, mjukuu wa kwanza wa mama, Mama Mdogo, ninayeishi kwake, alinijia chumbani.

"Mwanangu, nisindikize nikanunue kamera."

"Ya nini, Mama Mdogo?"

"Ya familia. Watu wakikutana lazima awepo wa kuwapiga picha. Mwenye kamera hasahauliki, atapigiwa tu simu." Akacheka. "Mimi kupiga sishindwi. Napiga pasi, napiga deki, na picha nitapiga. Kupigiwa ndiko kunakonishinda."

Nilicheka naye, ingawa sikujua utani ulikuwa umeishia wapi.

Muuza kamera alikuwa na miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya kipara. "Mama, siku hizi nani ananunua kamera? Chukua simu ya kisasa. Inapiga picha, inatuma, ukitaka inakuimbia."

"Simu za kioo hazinijui." Mama Mdogo akamnyooshea vidole. Pasi na mvuke vimezilainisha ncha zake mpaka zinateleza. "Mwenzangu akigusa, kioo kinaitika. Nikigusa mimi, kimya, kama nimebisha hodi nyumba isiyo na mtu. Nipe ya kubonyeza."

Akaletewa ya kwanza, kubwa, yenye lenzi ndefu. "Hii inamvuta hata mtu aliye ng'ambo ya barabara," alisifu muuzaji.

"Wangu nataka niwapige wakiwa karibu. Siku nitakayoanza kuwavuta kutoka ng'ambo, ujue tumeshaharibikiwa."

Ya pili ilikuwa nyembamba, inapendeza, lakini vitufe vyake vidogo kama punje za mchele. Ya tatu ilikuwa nene, ina kitufe kimoja kikubwa juu, na ilitumia betri za kawaida.

"Hii hata ukiitwa ghafla, betri unanunua dukani njiani," alisema muuzaji.

"Ghafla," Mama Mdogo akarudia polepole, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Nipe hiyo."

"Na inajipiga yenyewe. Unaiweka mezani, unabonyeza hapa, unakimbia kuungana na wenzako."

"Hapo pa kukimbia nifundishe vizuri."

Tulijaribu mle mle dukani. Taa ndogo nyekundu ikaanza kumeta, naye akakimbia kuja kusimama kando yangu. Pichani nilionekana mimi, nimeduwaa, na bega lake moja tu.

"Hujafika," nilimwambia.

"Nitafika."

Siku chache baadaye alinisomea ujumbe wa kaka yangu kutoka kwenye kisimu chake cha vitufe: *Mama Mdogo, Jumapili tunampeleka mtoto kwa mama. Najua una kazi, usihangaike. Tutakupigia.*

Alirudia neno la mwisho. Kazini akaomba ruhusa, akapewa.

Jumapili asubuhi nilipokuwa natangulia kumsaidia mama kupika, nilimwambia twende wote. Akakataa. "Wamesema watanipigia. Sitaki kufika kama mtu aliyejialika."

Kule kwa mama, mtoto alilazwa kitandani na watu wakamwinamia na simu zao juu juu. Mimi nilikaa karibu na mlango, ninapokaa siku zote. Chakula kilipakuliwa, kikaliwa. Nikamfuata kaka yangu jikoni.

"Mama Mdogo umempigia?"

"Nyingi tu!" Akanionyesha simu yake: mtoto anapiga mwayo, mtoto analia, mtoto kakunja ngumi. "Hizi zote ni zake. Nitamtumia."

"Nakuuliza simu, kaka."

"Simu ya nini? Nilimwambia tutampigia. Picha!"

Chuoni tulifundishwa kwamba kitenzi "piga" peke yake hakina mengi. Maana yake huletwa na jina linalokifuata. Kaka yangu alikuwa ameliacha jina.

"Amekaa nyumbani anasubiri simu," nilisema. "Na ile simu yake haipokei hata picha."

Sikungoja. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Nilimkuta Mama Mdogo sebuleni, amevaa gauni lililonyooshwa likanyooka, viatu miguuni, kamera shingoni. Simu ilikuwa mezani mbele yake.

"Mtoto amelala?" aliuliza.

"Amelala."

"Walimaanisha picha, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Asubuhi neno lile lilikuwa simu," alisema. "Mchana nimeligeuza, nikaliona na upande wa pili."

Akaivua kamera akanipa. Alikuwa amepiga mlango. Amepiga dirisha. Amepiga viatu vyake mwenyewe kutoka juu, viwili, vimekaa sambamba. Picha ya mwisho ilijipiga yenyewe: yeye kitini, mgongo wima, mikono magotini, kando yake kiti kitupu. Hakukatika hata kidole.

"Hiyo nimefika," alisema.

Nilikuwa bado nimeishika kamera. Ndipo simu ikaanza kuita, ikitetemeka juu ya meza, jina la kaka yangu likiwaka kwenye kioo chake kidogo. Tukaitazama wote.

"Umemwambia wewe?"

"Nimemwambia."

Nilidhani ataipokea. Alichukua kamera mkononi mwangu, akainama, akaitafutia simu mahali pake katikati ya picha, akabonyeza. Mwanga ukamulika chumba. Simu ikaita mara kadhaa tena, ikanyamaza.

Aliitazama picha muda mrefu.

"Imetoka vizuri," alisema. "Jina linasomeka. Nitapokea atakayopiga bila kukumbushwa."

Kisha akaisogeza simu ukingoni mwa meza, karibu na mkono wake, akanyoosha gauni magotini, akakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.