Nyumba Tuliyoipigia Hodi

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi dukani na kurudi na kibiriti, mtaani kwetu Dodoma mjini palikuwa na nyumba moja ambayo hatukuthubutu kuiingia bila kupiga hodi, ingawa hakuna mtu aliyeishi ndani. Ulisimama mlangoni, ukaita, ukangoja. "Wape nafasi wajitande," Bibi alikuwa akisema. Kisha alijiitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini kidogo kuliko yake: "Karibuni." Ndipo tukaingia.

Nyumba hiyo ilijengwa na babu yake Bibi, mfanyabiashara aliyefika na misafara kutoka pwani, akachoka kutembea, akaamua kwamba hapa panatosha. Ilikuwa na kuta nene za mawe na udongo, boriti za mninga, na mlango uliochongwa maua ambayo hayajawahi kuota Ugogo. Miaka mingi baadaye serikali iliitaifisha, ikaifanya ofisi, na makarani wakaanza kuomba uhamisho mmoja mmoja kwa sababu katika chumba cha ndani kulikuwa na mzee anayekohoa. Hakuna aliyemwona. Alikohoa tu, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akaona hakuna haja. Mwisho ofisi yenyewe ikahama. Nilipopata akili, nyumba ilikuwa tupu, na Bibi, aliyezaliwa humo, alikuwa akiishi katika chumba cha kupanga ng'ambo ya njia, akiitazama.

Kila Alhamisi alasiri nilimbebea chetezo. Tulipiga hodi, tukafukiza ubani chumba kwa chumba, tukanyunyiza marashi kizingitini, tukarudishia mlango kwa komeo ambalo hata mbuzi angelifungua. Hakuna kilichoibiwa. Na hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, soko limefunguliwa, kila mtu anajenga kibanda na kila kitu kina mnunuzi. Ndoo ukiiacha uani wakati wa kuswali, ulimaliza na kukuta imeshapata mwenyewe mwingine. Lakini mlango ule na boriti zile hazikuguswa.

"Mimi nimeingia duniani kwa mlango ule," Bibi aliniambia, "na ninataka nitolewe kwa mlango ule. Sina ombi jingine." Kurudishiwa nyumba alishaomba zamani, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Linashughulikiwa mpaka leo, kwa kadiri ninavyojua.

Ndipo akaja Bwana Mashauri. Kulikuwa na fununu kwamba kiwanja kinatakiwa kwa maduka, na yeye, afisa wa mambo ya kale, alikuja kuiokoa nyumba. Alikuwa mtu mwema, na naomba hilo lieleweke, kwa sababu katika hadithi hii hakuna mtu mbaya wa kumtwisha lawama. Aliupapasa mlango ule kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Alipigana vikaoni mpaka kikasimikwa kibao: jengo hili ni urithi wa taifa. Bibi, asiyejua kusoma maandishi hayo, aliniomba nimsomee, akacheka. "Kumbe tumekuwa wengi."

Tatizo likawa mafundi. Waliletwa kutoka Nkuhungu kuziba nyufa; wakamsikia mzee akikohoa, wakafungasha vifaa. "Sisi ni wajenzi, mheshimiwa," alisema mkubwa wao. "Hatukuja kupigana." Kikao kikaitishwa, kikaamua kwamba majini waondolewe. Na kwa kuwa serikali haina dini, ikaonekana si haki kazi ya taifa ifanywe na dini moja. Jumatatu akasoma shehe. Jumanne akaomba mchungaji. Jumatano akaja mganga wa kienyeji, kwa niaba ya utamaduni. Katika hesabu za ofisi, kama Bwana Mashauri mwenyewe alivyotuambia baadaye, shughuli yote iliingizwa kwenye fungu la kuua mchwa.

Kabla ya hapo alipita kumwomba Bibi ruhusa, au tuseme kumtaarifu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unawafukuza wenyewe."

"Si kuwafukuza, Bibi. Tunaweka mazingira sawa."

"Na wakishaondoka, nani atalala humo?"

"Tutaajiri mlinzi."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Huyo mlinzi wako, anajua kukohoa?"

Bwana Mashauri alicheka kwa adabu, kama watu wa ofisi wanavyocheka mbele ya vikongwe. Mimi pia nilicheka. Bibi hakucheka. "Mtaikuta mifupa," alisema, akarudi kuchambua mchele.

Kama shughuli ingeishia kimyakimya, huenda watu wangeendelea kuogopa kwa mazoea. Lakini kazi ya serikali haijakamilika mpaka itangazwe. Alhamisi ile, wakati mimi na Bibi tungekuwa tunafukiza, gari lenye kipaza sauti lilizunguka mitaa yote: wananchi mnatangaziwa kwamba jengo la kale limesafishwa, ni salama, hakuna tena chochote ndani, msiwe na hofu.

Wananchi ni wasikivu. Hawakuwa na hofu.

Kwanza yaliondoka madirisha, kwa aibu aibu, moja moja. Kisha mabati. Kisha boriti, na hizo hazikuondoka kwa aibu. Zilipakiwa kwenye mkokoteni mchana kweupe, na jirani mmoja akasaidia kusukuma. Kibali cha kumwajiri mlinzi kilikuwa bado kinasubiri sahihi. Mlango ulikuwa wa mwisho. Asubuhi moja tulikuta uwazi wenye umbo lake, na kibao cha urithi wa taifa kimeng'olewa pia, maana nguzo yake ilikuwa ya chuma kizuri. Inasemekana mninga ule uligeuka vitanda huko Kizota. Nimewahi kulala kwenye vitanda vingi vya mninga mjini hapa, na kila mara nimesikiliza.

Bwana Mashauri alikuja akaketi barazani kwetu bila kuvua kofia. Alikuwa amezeeka kwa msimu mmoja. Bibi alimpa uji. Akaunywa wote kabla ya kusema, kwa sauti ambayo nadhani hakutaka ofisi imsikie:

"Bibi, hakuna namna ya kuwarudisha?"

"Mwanangu, mtu umemfukuza kwa kipaza sauti, utamrudisha kwa kunong'ona?"

Bibi hakuwahi kumlaumu zaidi ya hapo. Chetezo alikitundika ukutani. Alhamisi zikawa siku kama nyingine.

Alipofariki, mvua mbili zilikuwa zimeshazishukia kuta zile zisizo na paa. Mjomba wangu, mwanawe mkubwa, alitaka jeneza lipitishwe mle, liingie kwa nyuma litoke kwa mbele. Shehe akakunja uso. "Hilo halimo katika sheria."

"Ni njia tu, shehe," Mjomba akasema. "Njia ya mkato kwenda msikitini."

Haikuwa ya mkato, na shehe alilijua hilo, akawapisha. Mimi na wanawake wenzangu tulibaki ng'ambo ya njia tukitazama kupitia uwazi wa mlango. Kabla ya kuingia, wabebaji walisimama. Nikamsikia Mjomba, huku bega lake likiwa chini ya mzigo, akisema, "Hodi." Akangoja, kama tulivyofundishwa sote. Hakuna aliyeitikia karibu. Aliyekuwa akiitikia ndiye waliyembeba.

Wakapita. Walitokea kwa mbele, mahali palipokuwa na mlango, na jua likaliangukia jeneza.

Siku hizi pamejengwa maduka, yenye vioo na taa za usiku kucha na mlinzi wa kampuni. Huwa naalikwa kwenye semina za urithi, ambako vijana wenye elimu nzuri huniuliza kama kweli nyumba ilikuwa na majini. Nawajibu kwamba sijui. Sikuwahi kuona kitu. Ninachoweza kuapia ni kwamba kimya cha nyumba ile nilikijua tangu utotoni, kilikuwa kimya cha watu wanaokusikiliza, na siku tuliyomtoa Bibi kilikuwa kimya cha kuta.

Basi huandika jibu hilo, wakanishukuru, wakaniuliza nimekuja kwa usafiri gani, ili nirudishiwe nauli.