Maziwa Yaliyoingia Damu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuni, pale Nyakahura, nilijua kwamba msichana aliye katika siku zake hanywi maziwa. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha. Alikuja kutoka Rwanda na wimbi la kwanza la wakimbizi, mtoto mgongoni na mtamba mmoja mbele yake, akatulea kwa maziwa ya uzao wa mtamba yule. Damu ya mwanamke haitajwi hovyo, alisema. Ikitajwa, ng'ombe husikia.

Miaka ile malori yalipita kutwa kwenda kambi za Ngara, na kila jambo geni tuliambiwa limetoka kambini. Ndivyo lilivyosemwa hata somo la Mwalimu Yustina wa shule yetu, kuhusu mwili wa msichana. Aliwakusanya wasichana wa darasa la sita na la saba, wenyeji na wakimbizi kwenye madawati yale yale, akafunga madirisha ili wavulana wasichungulie. Dada yangu Sabina alikuwemo. Alirudi na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe zile siku si ugonjwa," aliniambia tukichambua maharage. "Wiki ijayo atatueleza mimba inavyoingia."

Bibi alikuwa nyuma yetu. "Maneno hayo yataleta balaa zizini," alisema, akaendelea na kazi yake.

Na balaa likaja. Siku chache baadaye baba alimkamua ng'ombe wetu mkubwa, maziwa yakatoka na damu. Chombo kilipita mkono kwa mkono, majirani wakachungulia, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi niliamini yote, hata lile lililoongezwa sokoni kwamba mwalimu amelipwa na wazungu wa kambini ili wasichana wetu wawe tasa. Uongo ulitembea sokoni mchana kweupe, na ukweli ulikuwa umefungiwa madirisha.

"Sabina haendi tena shule," baba alisema.

"Baba, nimebakiza mtihani tu."

"Na ng'ombe je?"

Wazazi wengine nao waliwazuia binti zao, somo la pili halikufundishwa, na mwalimu akahamishwa. Ng'ombe akapona, watu wakasema, mmeona? Wasichana wengine walirudi darasani. Sabina alibakishwa, maana zizi lililoguswa lilikuwa letu.

Masika yaliyofuata alianza kutapika. Bibi alimpa majani machungu ya minyoo. Kuna mtu alikuwa amemwambia Sabina kwamba mara ya kwanza mimba haishiki, naye akaamini. Nani angemwambia vinginevyo? Alikaa miezi akijificha ndani ya kitenge cha mama, akiogopa kuuliza, nasi tukiogopa kutaja. Uchungu ulipomshika, hata mkunga hakuwa amewahi kumgusa. Alifia njiani, kwenye baiskeli, akipelekwa hospitali ya Biharamulo, mtoto akiwa bado tumboni.

Leo nafuga mwenyewe. Kiwele kikiumwa, maziwa huweza kuingia damu. Namwita bwana mifugo, anapenyeza dawa kwenye chuchu, ninamwaga yale maziwa mpaka ng'ombe apone. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikaa chini zizini nikalia, na yule bwana mifugo akadhani nalilia ng'ombe.

Simchukii bibi. Alilinda mali pekee aliyovuka nayo mpaka, na ng'ombe wale walitulisha kweli. Baada ya maziko hakugusa maziwa tena mpaka alipokufa. Hakueleza, nasi tulikuwa tumezoea kutouliza.

Mwaka jana, kwenye kikao cha wazazi, mwanamume mmoja alisema somo la afya ya uzazi ni la kuwafundisha watoto uhuni, limeletwa na watu wa nje. Akapigiwa makofi. Nilisimama nikiwa nimejiandaa kueleza mengi kwa mpangilio, lakini nikaishia kusema haya tu: "Dada yangu alipata nusu ya somo hilo. Nusu aliyonyimwa ndiyo iliyomuua."

Mwenyekiti akahamia kwenye hoja ya vyoo. Sijui kama kuna niliyembadilisha. Binti yangu yuko darasa la sita, na somo hilo atalisikia mpaka mwisho.