Kaburi Tumechimba Moja Tu

Maneno hayo aliyasema kaka mkubwa wa mke wangu, kule Nkowe, mbele ya ukoo mzima, nami nikiwa na jeneza begani.

Tulikuwa tunamzika baba mdogo wa mke wangu. Makaburi yao yako ng'ambo ya bonde, na ukishavuka bonde kuna kilima cha mchanga. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani na mkwe wa siku nyingi katika ukoo ule, kwa hiyo nilipewa bega la mbele. Bondeni nilishuka vizuri. Kilimani pumzi ilikata. Jeneza likainama upande wangu, na kabla sijaita mtu anipokee, shemeji yangu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mtoeni mwalimu hapo! Kaburi tumechimba moja tu!"

Watu wakacheka. Maiti yuko mabegani, wakacheka.

Angekuwa mtani, ningecheka nao. Huku kwetu mtani ana ruhusa yake msibani. Anaweza hata kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Lakini kaka mkubwa wa mke wako si mtani. Ni mjomba wa watoto wako. Unamheshimu, naye anakuheshimu. Yeye aliuvuka mpaka huo, na tangu siku ile, kila niliposhuka kwenye bodaboda Nkowe, vijana wa kijiweni walinisalimu: "Shikamoo, Kaburi Moja!" Niliitikia marahaba, maana salamu ni salamu.

Namshukuru Mungu alinipa subira. Sisemi subira ya kusamehe. Hiyo niliiomba, haikuja. Ikaja nyingine, ya kungoja. Nikajiambia: kifo hakina mwenyewe, siku moja tutabeba tena kwenye kilima kile, nami nitashika bega la mbele kutoka mlangoni mpaka kaburini, na yeye ataona.

Kumbe hasira haina mapafu. Asubuhi ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri kijijini kwetu Naipingo, nilifunga kanzu kiunoni nikatimka barabarani kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Sikulimaliza hata shamba la mikorosho la jirani. Nilishika shina la mkorosho nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Jirani akatokea mbio na panga mkononi, mkewe nyuma yake anagonga ndoo.

"Mwalimu, tembo wako wapi?"

"Hakuna tembo."

"Basi nani kafa?"

"Hajafa mtu."

Akalishusha panga. "Sasa mzee mzima unakimbia nini?"

Kwetu mtu wa umri wangu hakimbii ila kwa tembo au kwa msiba. Nilirudi nyumbani nikichechemea. Mke wangu alikuwa anachochea moto. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Mwalimu, kule chuoni watoto unawaanzishia sura ndefu?"

"Hapana."

"Haya."

Akarudi kwenye moto wake, nami nilikuwa nimemwelewa. Kesho yake nilianza kwa kutembea. Halafu nikakimbia polepole sana, huku nasoma kwa sauti sura fupi kabisa, ile wanayoanzia watoto. Ilipokwisha, nikatembea. Pumzi iliporudi, nikaisoma tena nikikimbia. Kanuni yangu ilikuwa moja: nikianza kumeza herufi, nimezidisha mwendo. Mtoto akiizoea sura, ndipo unamhamishia iliyo ndefu kidogo, nami nilijifanyia hivyohivyo. Goti likiuma, narudia ya jana. Kanzu niliiacha, nikanunua raba za mtumba Nachingwea mjini, na majirani wakachoka kuniuliza.

Siku moja mke wangu akasema, "Unasoma maneno ya Mungu kwa ajili ya kulipa kisasi?"

"Maneno ni ya Mungu. Miguu ndiyo ya kaka yako."

Akacheka kidogo. "Ni kaka yangu, lakini."

"Najua. Ndiyo maana sitamgusa."

Mikorosho ikachanua. Mabibo yakaanguka njiani, nikawa nayakwepa. Mvua zilipokuja, nilikuwa naweza kupanda kilima cha upande wa Mkotokuyana bila kusimama, nikisoma sura ambayo mtoto huchukua muda mrefu kuihifadhi. Kila nilipofika juu, nilimwona shemeji amesimama pale, mdomo wazi, tayari kusema.

Kisha shangazi yao akafariki. Nilimlilia kwa haki, kwani alinipokea vizuri tangu siku ya posa. Nilimwombea. Halafu nikavaa raba chini ya kanzu.

Nilishika bega la mbele, kulia. Shemeji aliponiona, akashika la kushoto.

"Mwalimu, leo umekuja na pumzi, au tukuitie bodaboda?"

"Twende, shemeji."

Mwalimu ndiye anayeongoza dhikiri, na anayeongoza dhikiri ndiye mwenye mwendo. Sikukimbia, maiti hatikiswi. Lakini Sunna ni kuharakisha jeneza, nami siku ile niliifuata Sunna barabara. Bondeni watu walinigusa bega wanipokee, nikatikisa kichwa. Wakamgusa yeye. Akatazama upande wangu, naye akakataa.

Kilimani nilipandisha sauti. Yeye akaacha kuitikia. Nilisikia kifua chake kikikoroma ng'ambo ya jeneza.

"Shemeji," akanong'ona, "punguza kidogo."

Nikapandisha tena. Jeneza likaanza kuinama, safari hii upande wake. Mtu mmoja akajipenyeza haraka chini ya mti wa jeneza akampokea, na shemeji akakaa mchangani, mkono kifuani, kofia imedondoka. Dhikiri ikakatika. Wote waliokuwapo mara ile ya kwanza wakanigeukia. Walikuwa wanangoja. Naye alikuwa anautazama mdomo wangu.

Neno lake mwenyewe lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimekimbia nalo asubuhi zote zile.

Nikalimeza. Nikaanza dhikiri upya, tukapanda.

Kaburini walinisifu kwamba mwalimu amesamehe, ndiyo faida ya elimu. Sikusamehe. Ningelisema, wangecheka, naye angecheka, tungekuwa tumelipana, na jioni tungekula sahani moja. Sikutaka tulipane.

Tunakutana mara nyingi, kwenye arusi, mnadani Ruangwa, kwenye hitima. Vijana wa kijiweni wameacha ile salamu yao. Yeye namwamkia kwa heshima zote. Namuuliza nyumbani, shambani, kifua kinaendeleaje. Kila nikivuta pumzi kuanza sentensi nyingine, namwona anakaza shingo akidhani ndiyo leo.

Nami pumzi, alhamdulillahi, ninayo.