Simbilisi wa Jirani Juu ya Mizani

Sikumpenda jirani yangu, na jambo hilo sikumficha mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Miaka ile ya hamsini tulikaa kambi ya reli pale Kamina, nyumba yetu na yake zikigawana ukuta mmoja. Mume wake aliendesha gari-moshi, wangu alipokea vifurushi kwenye ghala la stesheni. Mimi nimezaliwa upande wa Kaniama, kwa watu wa mahindi. Yeye alitoka Mulongo, kwa watu wa mto, na kwa bahati yangu mbaya mume wangu pia ni mtu wa Mulongo.

Basi kila jioni, kabla hajavuka kizingiti changu, mume wangu alisimama mlangoni pa jirani kumsalimu. Salamu zile zilikuwa na marefu na mapana. Walitaja mitumbwi, mitego, mzee fulani aliyeanguka majini akiwa amevaa suruali ya harusi, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilisimama na mwiko mkononi sina la kuchangia, maana mto ninaoujua ni kijito cha kufulia nguo. Hawakuwa na baya lolote kati yao. Nilijua hivyo wakati ule na najua hivyo leo, na roho iliniuma vilevile.

Mume wake alipohamishiwa kituo cha mbali, nilimsaidia kufunga vyombo kwa bidii iliyosifiwa kambi nzima. Siku ya kuondoka alikuja na simbilisi wake kifuani, yule mnyama mdogo wa jikoni, kama panya mnene asiye na mkia, tuliyemwita kobayi. Alisema amezeeka, kelele za treni zitamuua njiani. Kisha akamweka mikononi mwa mume wangu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mikono mitupu.

Jikoni kwingi siku zile simbilisi walikimbia chini miguuni mwa watu, wakazaana, na siku ya mgeni wakaingia sufuriani. Huyu ndugu zake wote walikwenda njia hiyo. Yeye alibaki, dume zee lenye masikio yaliyochanika na baka jeupe mgongoni, kwa sababu alikuwa akipiga mluzi kila aliposikia kisu cha jirani, mama yake, kikikata majani ya mihogo, na yule mama akakosa moyo wa kumla. Mimi nilikata majani siku ya kwanza, nikakata ya pili. Hakupiga mluzi wowote. Alinitazama tu.

Lazima nieleze jiko langu, maana lilikuwa fahari yangu. Sikupika kwa kuni. Nilipika kwa mbabula, lile jiko la chuma lenye matundu, na ndani nilitia masalio ya makaa ya mawe ambayo wanaume waliyakokota kutoka kwenye matumbo ya gari-moshi. Moto mkali, moshi kidogo, ukuta wangu mweupe. Jirani alipika kwa kuni kama yuko kijijini, eti samaki wake wanataka moshi, macho mekundu, nguo zanuka. Nilizoea kusema kwamba mke wa reli anayechochea kuni anatuaibisha sote. Huyo mnyama wake nilimtengenezea makao safi: debe la mafuta lililokatwa ubavuni, likasuguliwa, likawekwa nyasi laini.

Akaanza kukonda. Mume wangu ndiye aliyehisi kwanza uti wa mgongo chini ya manyoya, akasema tumpime kwenye mizani ya ghala. Kwa watu wa reli kitu hakijakonda mpaka mizani iseme. Alipima debe tupu, akaandika uzito wake ubavuni kwa chaki, kama wanavyoandika kwenye mabehewa, ili kila mara tuutoe na kubaki na mnyama peke yake. Siku ya kwanza simbilisi alilishinda jiwe la kilo. Jumamosi iliyofuata walikuwa sawa. Baadaye jiwe lilishuka na yeye akapanda juu, akikodoa macho, na wapokezi wa vifurushi wakamcheka. Nilikuwa nikimpeleka mwenyewe kila Jumamosi, nimembeba kwenye debe lake mbele ya kambi nzima, na kila mtu aliyechungulia ndani alitoa maneno yaleyale: masikini, anamkumbuka mama yake.

Mume wangu naye akayarudia mezani, mbele ya sahani yangu.

"Anamukumbuka ule mama," alisema. "Muchungu njo inamumaliza."

Nilimuuliza kama anamsema mnyama au anajisema yeye. Alicheka, kisha akaona uso wangu, akarudi kumega bukari, ule ugali wetu.

Haikupita muda konda wa treni akaleta salamu. Jirani atapita Kamina akienda kwao, anauliza hali ya simbilisi wake mzee, na kama anatusumbua basi atamchukua. Wengine wangesikia wema katika salamu hizo. Mimi nilisikia hivi: kama umeshindwa, sema. Nikaapa moyoni kwamba yule mnyama hatakufa mikononi mwangu, wala sitamkabidhi jirani mifupa mitupu dirishani pa treni ili aniangalie kwa huruma. Afe akiwa kwake kama anataka, lakini kwangu atanenepa.

Nilimletea kila kilicho kijani. Majani ya viazi vitamu, mchicha wa lengalenga, sombe laini ya majani ya mihogo yaliyotwangwa. Niliketi chini nimtazame anakula, na hapo nikaona jambo. Alikuja mbio. Alilivamia jani, akalitafuna pembeni, likamdondoka, akaliokota, likadondoka tena. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Sasa mimi najua huzuni inavyoua njaa. Zile jioni za kicheko cha mlangoni nilikuwa sitaki hata kuiona sahani. Huyu aliitaka sahani, na ilimshinda. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kuona mwenye njaa. Kumbe hamkumbuki mtu!

Nikamfunga ndani ya kitenge, nikamfumbua mdomo kwa kidole. Meno ya mbele yalikuwa marefu kupita kiasi, ya chini yamejipinda kuelekea ndani, hayakutani tena na ya juu. Nilikaa nimemshika na nikaona jiko la jirani kama vile niko ndani yake: zile kuni zake zilizolala sakafuni, miisho yake yote imechunwa magome. Niliwahi kumwambia mume wangu kwa dharau kwamba nyumba ile hata kuni zimetafunwa. Alikuwa ni yeye, mzee huyu, akiyapunguza meno yake usiku na mchana. Na kwangu angetafuna nini? Debe? Mbabula? Makaa ya mawe? Zaidi ya mwiko wangu uliotundikwa, jiko langu zima halikuwa na kitu cha mti.

Mume wangu alileta koleo anazokatia waya za plombe, ile mihuri ya risasi wanayofunga kwenye milango ya mabehewa. Nilimshika mnyama kichwa, yeye akakata ncha za meno, polepole, akitokwa jasho. Hilo lilikuwa jepesi. Lililobaki lilikuwa langu. Nilifunga safari hadi nje ya kambi, nikarudi na mzigo wa kuni kichwani mchana kweupe, na wanawake waliokaa barazani wakaniuliza kama gari-moshi zimeacha kula makaa. Nikajitia sisikii.

Ningeweza kumpa vijiti viwili vitatu debeni na kuishia hapo. Nilijaribu, akavinusa akaviacha. Alitaka kuni zilizolala karibu na moto, zenye joto, kama alivyozizoea. Basi nikawasha kuni. Nikaweka mbabula pembeni, nikainama nikipuliza, machozi yakanitoka, ukuta wangu ukaanza kuwa mweusi. Siku ileile akatoka debeni na kuanza kuchuna gome. Jioni mume wangu aliingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Leo humu munanukia kwetu," alisema.

Alikuwa na furaha ya kweli usoni. Nilitamani kumtupia sufuria.

Lakini mizani ilianza kunirudia. Jumamosi moja alilingana na jiwe la kilo, na nyingine akalishinda, jiwe likaenda juu, na mpokezi mmoja akapiga makofi. Mume wangu alinipongeza. Nilimwambia arudie kupima.

Siku ya treni nilivaa kitenge changu kizuri, nikamtia simbilisi kwenye kikapu, tukaenda stesheni mimi na mume wangu. Jirani alikuwa ameshatokeza nusu ya mwili dirishani akituita. Mnyama alisikia ile sauti na kupiga mluzi, mrefu, mkali, mpaka watu wa behewa la pili wakageuka. Kwangu hakuwahi kuupiga, hata baada ya meno, hata baada ya kuni. Jirani alimchukua, akamminya mgongo na matako kama anunuaye, nami nikasubiri aseme amekonda, jibu ninalo mdomoni. Alimpakata kifuani. Macho yalimlowa. Ndipo nilipoona kikapu kitini pake, kimetandikwa nyasi kavu. Alikuwa amekuja kumchukua.

Nilitaka ampeleke, tuachane naye kabisa. Nilitaka pia kumpokonya pale pale. Mume wangu alitazama reli, hakuthubutu kunitazama mimi. Kengele ilipopigwa jirani aliinama kunipa mkono wa kwaheri, pua yake ikapita karibu na kitambaa changu cha kichwa. Akanusa moshi, akasita. Akanitazama macho, ambayo siku hizo yalikuwa mekundu kuliko yake.

"Unapikia kuni, mudogo?" aliuliza.

"Ndiyo, yaya," nilijibu, kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

Alimbusu simbilisi kichwani na kunirudishia dirishani.

"Minyi nakuachia," alisema. "Ashazobelea nyumba yako. Iko yako sasa." Amekwisha kuizoea, ndiyo maana yake.

Treni ikaondoka. Watu waliosimama karibu walitikisa vichwa wakisema yule mama ana roho nzuri kweli, kumwacha mnyama anayempenda vile. Mume wangu aliyasema hayo hayo njia nzima, roho nzuri, roho nzuri, nami nikitembea nyuma yake na kikapu kilichonikata mkono kwa uzito. Uzito ule niliurudisha mimi, kwa macho yangu na ukuta wangu. Na hata hivyo, tangu siku ile, kila aliyemsifu simbilisi wangu aliambiwa kwamba nilipewa na yule mama.