Upepo wa Wastani

Ruthu, binti wa jirani yangu Yoramu, anasoma upepo. Sitanii. Wenzake wa hapa Makutupora walikwenda chuo wakarudi walimu na wauguzi. Yeye kazi yake ni upepo unaozunguka bara la barafu kule kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo hajafika na sidhani kama atafika. Nilimwuliza siku moja huo upepo anauonaje. Akanijibu, "Kwenye kompyuta, mama." Nililotaka kusema halikuwa la kumwambia mtoto wa mwenzangu.

Nimemjua tangu akiwa mdogo, anafunga matawi ya mizabibu kwa kamba za katani huku kauma ulimi. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini zabibu za upande huu zinatangulia kuiva? Kwa nini upepo wa kule unaleta baridi? Baba yake hakujua hata moja, na kutokujua huko kulimfurahisha. "Utasoma, utaniambia," alikuwa akimjibu. Akamsomesha kwa ekari ile ile moja ya zabibu, huku akingoja kuambiwa.

Sasa, mzabibu ukishaupogoa hakuna kurudi nyuma. Unakata matawi, machipukizi yanatoka, na maua nayo. Mvua ikiyakuta maua, ukungu unaingia, zabibu umezikosa. Kwa hiyo kila mwaka mvua zikielekea ukingoni tunatembea na mikasi mifukoni, tunatazama mawingu, kisha tunatazamana. Mwenye haraka anaumia, na anayechelewa anakuta soko limeshajaa.

Mwaka jana Ruthu alikuja nyumbani Pasaka. Tulikuwa uani kwao, Paulina, mama yake, ametupakulia ugali wa uwele na mlenda.

"Ruthu," baba yake akasema, "nipogoe au nisubiri?"

"Baba, mimi sisomi mvua ya Makutupora. Nasoma upepo wa kwenye barafu."

"Kwani upepo si upepo tu?"

Maskini, alijitahidi kumweleza, mikono yote hewani. Ule upepo unaongezeka na kupungua, unasogea na kurudi, na ukisogea unaweza kugusa hali ya hewa ya mbali. Kompyuta zinaupata vizuri ukichukua miaka mingi kwa pamoja. Kinachozishinda ni kuyumba kwake. Humo ndani ya kompyuta upepo ukishaegemea upande mmoja unakawia kurudi, kuliko unavyokawia ule wa kweli.

"Kwa wastani tuko sawa, baba," akamalizia. "Kuyumba ndiko kunatushinda."

Laiti angetafuta neno lingine. Sisi wakulima wastani tunaujua kutoka redioni, na tunaujua vibaya. Kwa wasomi ni miaka mingi iliyojumlishwa ikagawanywa. Kwetu ni kiasi tu, si nyingi si haba: maisha ya wastani, mwanafunzi wa wastani. Mvua ya wastani ni ile ya kulaza vumbi. Yoramu alichosikia ni msomi wake akimwambia tuko sawa. Sikukuu ilipopita tu, alikata ekari nzima.

Mimi sikukata, na si kwa akili. Nilikuwa kwetu Kolo kwenye harusi ya mpwa wangu Shamila, na pilau ikanichelewesha kurudi. Niliporudi nikakuta mizabibu ya Yoramu imetoa maua, na wingu juu yake. Ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha tena, wakati mvua tulikwisha kuziaga. Paulina alikuwa akipita mstari kwa mstari na bomba la dawa ya ukungu, mvua inaiosha nyuma yake.

Ruthu alikuja mwisho wa wiki. Nilimwona kati ya mizabibu, viatu vya mjini vimejaa tope, ameshika kishada cha maua kilichooza. Niliingia nikitaka kumtetea, nikakuta hakuna anayemshtaki. Hilo liliniuma kuliko ugomvi. Yoramu alikuwa akimwambia kila anayepita, "Binti alisema wastani, na kweli mvua haikuwa kubwa. Imekuja vibaya tu."

"Baba, sikusema hivyo."

"Najua, mwanangu. Usijali."

"Nisikilize, baba. Mvua yetu siijui. Hata walionifundisha hawaijui."

Alikuwa analia. Mzee akamfuta uso kwa kiganja chake, na kiganja kilikuwa na dawa, kikamwasha macho zaidi.

Mwaka huu mvua zimekatika mapema. Sote tumepogoa, hata mimi mvivu. Mizabibu ya Yoramu imebaki na matawi yake marefu, yanatambaa chini ovyo, na muda wa kukata unapita. Paulina amembembeleza. Mchungaji amekuja. Mkasi ameunoa, ameutundika mlangoni. Jioni anampigia Ruthu, na kwa kuwa masikio yake yamechoka anaiweka simu kwenye sauti ya juu, nami nasikia nikiwa kwangu.

"Umeshajua, mwanangu?"

"Sijui, baba. Nakuomba, pogoa kama wenzako."

"Wenzangu wanabahatisha. Wewe unasoma."

Nasikia binti anavuta pumzi. Kisha mzee, kwa upole ule ule:

"Soma taratibu. Nitasubiri."